Tunaosema Msimbazi Unanuka, Bomba Letu Linamwaga Wapi?



Nimesoma kwa muda mrefu mijadala yetu kuhusu uchafu wa Dar es Salaam na Nairobi, na mara nyingi nimechangia kwa ukali. Mtu akiweka picha ya mto Msimbazi, sisi tulioko ughaibuni ndio wa kwanza kuuliza viongozi wanalala wapi. Leo naomba niongee kama mtuhumiwa.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, hapa Houston lilikuwa joto lile ambalo hata kuku akitoka nje anajuta. Wiki tatu mvua haijanyesha. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimetupa sare zangu kwenye mashine ya kufulia, naelekea kitandani, mlango ukagongwa. Mkaguzi wa manispaa, kijana mpole mwenye kitambulisho shingoni, akaniuliza kama naruhusu aangalie mabomba yangu. Akaniambia kwenye mdomo wa mtaro wa maji ya mvua, mtaa wa nyuma, wameona maji yenye povu yanatoka wakati hakuna mvua, na wamekuwa wakipanda nayo chemba kwa chemba mpaka mtaani kwetu.

Nikamkaribisha bila wasiwasi wowote. Nyumba nimeilipia, bili ya maji nalipa, choo kinavuta. Akachukua kichupa cha rangi ya kijani, akamimina kwenye mashine, akaniomba niiwashe ifikie hatua ya kutoa maji. Tukatoka nje. Mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Tabata, alikuwa amekaa kibarazani na khanga yake anatafuta upepo. Haikuchukua dakika tano, maji ya kijani kama juisi ya ukwaju iliyoharibika yakatokea kwenye tundu la ukingo wa barabara, yakatembea kandokando ya lami, yakaingia kwenye mtaro. Kwenye mfuniko wa mtaro kuna kibao kidogo chenye picha ya samaki, kinasema usitupe kitu hapa, maji haya yanakwenda mtoni. Kila siku napita juu yake na gari.

Mama akaangalia, akaniangalia mimi, akasema: "Kumbe na nyinyi huku mnatapisha!"

Kwa wasomaji wasioishi Dar, kutapisha ni ule mchezo wa masika. Mvua ikianza kupiga, mwenye choo kilichojaa anafungulia tundu, kinyesi kinaondoka na mafuriko, jirani wa bondeni anajua mwenyewe. Mimi nimekulia Kigogo, najua harufu ya mvua ya kwanza ya Machi ni harufu gani. Nilicheka pale kibarazani kwa aibu. Baadaye, nilipokuwa natafuta usingizi, kicheko kiliniisha. Nilikuwa nakumbuka kilichokuwa ndani ya mashine asubuhi ile. Sare za wodini. Usiku ule nilikuwa na mgonjwa mwenye ugonjwa wa kuhara ambao tunamwingilia na magauni na glavu, na mkono wa sare yangu ulikuwa umelowa. Kwa miaka minne nilikuwa nafulia mtoni bila kujua.

Naomba nieleze kidogo jinsi mambo yalivyo huku, maana wengi wetu tunaishi hapa miaka ishirini hatujui. Houston, Dallas na Fort Worth zina mabomba ya aina mbili chini ya ardhi. Moja ni la majitaka: choo, sinki, bafu, mashine ya kufulia. Hilo linakwenda kwenye mtambo, linasafishwa, ndipo maji yanaruhusiwa kuingia mtoni. La pili ni la maji ya mvua, na hilo halipiti popote. Kinachoingia kwenye mtaro wa barabarani kinafika mtoni kilivyo. Mafundi wakichanganya hayo mawili, kuna makosa ya namna mbili. Choo au mashine ikiunganishwa kwenye bomba la mvua, mto unakula uchafu kila siku, kiangazi na masika. Na kinyume chake, mifereji ya paa au ya uani ikiunganishwa kwenye bomba la majitaka, siku ya mvua kubwa bomba linazidiwa, mifuniko ya chemba inaruka, na kinyesi cha mtaa mzima kinatoka barabarani na kwenda mtoni kwa mkupuo mmoja. Hata kile kifuniko kidogo cha plastiki cha bomba la kuzibulia kilichoko kwenye majani mbele ya nyumba, mashine ya kukata nyasi ikikivunja na wewe ukapuuza, basi umefungua mlango kwa maji ya mvua. Nendeni mkaangalie vya kwenu.

Kwangu lilikuwa kosa la kwanza. Na nitasema lilivyotokea, kwa sababu hapo ndipo inapotuhusu sisi kama jamii.

Nilinunua nyumba nikataka gereji iwe chumba cha mama. Mashine ya kufulia ikabidi ihamie upande wa pili. Fundi mwenye leseni alinitajia bei nikashika kichwa. Kaka mmoja wa kwetu, mtu mzuri, msalihina, tuliyekutana naye msibani, akaniambia, "Dada, usijali, hiyo kazi ya siku moja." Bei yake ilikuwa chini ya theluthi. Kibali hatukuchukua. Alipochimba akakuta bomba limepita uani, akaunganisha. Bomba ni bomba. Hakujua kuwa lile lilikuwa la kutolea maji ya mvua ya uani, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimefurahia bei. Kulirekebisha kulinigharimu dola 3,800 na bustani yangu yote ya mchicha na matembele. Ukijumlisha na nilichomlipa kaka yule, ingekuwa nafuu kumwita fundi mwenye leseni mara ya kwanza.

Sasa kuna watakaosema nimtaje, wengine waseme namchafua Mwafrika mwenzangu. Sitamtaja na simchafui. Anajua kazi, amejenga nyumba za watu Nairobi na Dar. Asichokijua ni ramani ya chini ya ardhi ya huku, na hana karatasi za kumwezesha kukaa mtihani wa leseni, na sisi ndio tunaomlisha kwa kazi hizi za siri. Kuanzia Alief mpaka Arlington na Grand Prairie, gereji ngapi zimegeuzwa vyumba vya wazazi, vya wageni, vya wapangaji? Nani alichukua kibali? Kwenye vikao vyetu vya jumuiya tunachangishana kwa misiba na harusi, sijawahi kusikia tumemchangia fundi mmoja ada ya mafunzo awe na leseni.

Tena msidhani wenyeji wa hapa wana akili nyingi kuliko sisi kwenye jambo hili. Mwaka 2019 Bunge la Texas lilifunga kikao chake bila kupitisha sheria ya kuendeleza bodi ya kutoa leseni za mafundi bomba. Wabunge walivutana wao kwa wao, muda ukaisha, wakaenda nyumbani. Maana yake, jimbo zima lenye watu karibu milioni 29 lingebaki bila sheria ya leseni ya ufundi bomba. Mafundi wakaandamana. Ilibidi gavana Greg Abbott atumie mamlaka ya dharura aliyokuwa nayo kwa ajili ya kimbunga Harvey, kimbunga cha miaka miwili nyuma, kuiongezea bodi muda mpaka 2021. Ingetokea Dodoma tungeandika kurasa kumi za matusi.

Nimetaja Harvey. Agosti 2017 nilikuwa kazini siku nne mfululizo kwa sababu waliotakiwa kutupokea hawakuweza kufika. Waliokuja baadaye walikuja na vidonda. Mtu amejikata kidogo tu mguuni akivuka maji sebuleni kwake, siku tatu baadaye mguu umevimba unang'aa. Yale maji yalikuwa na kila kitu, mafuta, dawa za viwandani, na majitaka ya mitambo na chemba zilizofurika. Muuguzi akiona maji ya mafuriko anaona wodi. Ndiyo maana suala la bomba kuunganishwa vibaya silichukulii kama suala la wapenda ndege na maua peke yao.

Mto wenyewe tunaouzungumzia hapa ni Brays Bayou, na ndugu zake White Oak na Buffalo Bayou, hii mito mipole ya rangi ya chai inayokatiza Houston. Kipimo cha Texas kwa maji ambayo mtu anaweza kuogelea ni wastani usiozidi E. coli 126 kwa kila mililita 100. Mito yetu hii imekuwa ikivuka kipimo hicho kwa miaka na miaka, na mwaka 2013 jimbo liliidhinisha mpango wa eneo zima la Houston wa kupunguza bakteria, maana tatizo halikuwa la mto mmoja. E. coli wengi hawaui. Tunawapima kwa sababu wakiwepo wanatuambia kinyesi kimepita hapa, na kinyesi kinasafiri na wenzake. Jumamosi nikipita na gari naona watoto, wengi wao wa familia za wakimbizi kutoka Kongo, wamekaa na ndoano pembeni ya maji yale yale.

Sasa nije kwenye siasa.

Jiji la Houston halikuanza kurekebisha mabomba yake kwa sababu viongozi wake ni waungwana kuliko wa Ilala na Kinondoni. Lilishtakiwa. Julai 2018 shirika dogo la raia linaloitwa Bayou City Waterkeeper lilitoa notisi kwamba litaipeleka Houston mahakamani kwa makosa zaidi ya 9,300 ya kumwaga majitaka ndani ya miaka mitano. Na makosa hayo waliyatoa wapi? Kwenye ripoti za jiji lenyewe. Sheria ya maji safi ya Marekani ya mwaka 1972 inalilazimisha jiji kuripoti kila linapomwaga, na inampa raia yeyote haki ya kwenda mahakamani baada ya notisi ya siku 60 kama serikali imelala. Basi serikali ikaamka. Septemba mwaka ule ule EPA, ambalo ni shirika la mazingira la serikali kuu, pamoja na jimbo la Texas wakafungua kesi wenyewe. Aprili 2021 jaji akaidhinisha makubaliano: Houston itumie takriban dola bilioni 2 kwa miaka 15 kukarabati mabomba, vituo vya kusukumia na mitambo, na ilipe faini ya dola milioni 4.4. Mwaka huo huo bili za maji zikapandishwa. Nililalamika kama wengine.

Niwe mkweli, sehemu kubwa ya kesi ile ilihusu mabomba makuukuu ya jiji, mafuta ya kupikia yaliyoganda ndani yake na maji ya mvua yanayopenya, si mashine za kufulia kama yangu. Lakini ukikagua moja unakutana na lingine. Na mafuta ya kupikia, jamani, tusijifanye hatujui. Sambusa na maandazi ya Idi ya nyumba hamsini yanamwagwa sinki moja moja.

Dallas nako walishtakiwa mapema zaidi. Mwaka 2006 walikubaliana na EPA kumaliza madai kwamba jiji halikutekeleza vya kutosha, halikugharamia wala kuajiri watu wa kutosha kwa ajili ya mpango wake wa maji ya mvua, yaani kazi ile ile ya yule kijana mwenye kichupa cha rangi. Wakalipa faini ya dola 800,000 na kutakiwa kutumia pesa nyingine zaidi kwenye miradi ya mazingira. Mdogo wangu anaishi Arlington, na tukitaniana kuhusu nani anaishi mji bora humwambia akumbuke kuwa mto Trinity unapita kwao kwanza. Unatoka huko Fort Worth, unapita Dallas, unateremka mpaka ziwa Livingston, na Houston inachota sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa kutoka ziwa hilo. Wakati wa kiangazi, chini ya Dallas, maji mengi ya mto ule ni yale yaliyotoka kwenye mitambo ya majitaka yakiwa yamesafishwa. Anaoga yeye, nakunywa mimi. Hasira zake za kwamba nimemwita mchafu huisha nikimwambia kwamba na mimi nina mtu chini yangu, wavuvi wa ghuba ya Galveston.

Mto huo huo Trinity ulikuwa umekufa. Mwaka 1925 idara ya afya ya jimbo iliufananisha na mto wa mauti. Kati ya 1970 na 1985 samaki zaidi ya milioni moja walikufa chini ya Dallas katika matukio kumi na kadhaa, kila mvua kubwa ilipokoroga uchafu. Leo huko Fort Worth watu wanakaa ndani ya mipira ya matairi wanaelea mtoni wakisikiliza muziki. Sisemi ni msafi, na tahadhari za kula samaki wake bado zipo katika sehemu za Dallas na Fort Worth kwa sababu ya kemikali za zamani. Nasema ulikuwa maiti na sasa una samaki, na kilichofanya hivyo ni mitambo ya kusafishia majitaka iliyojengwa kwa sheria na kwa fedha.

Turudi nyumbani.

Huwa nasikia hoja kwamba Tanzania hatuna sheria kama hiyo ya raia kushtaki. Si kweli! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, vifungu vya mwanzo kabisa, cha 4 na cha 5, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na haki ya kufungua shauri pale haki hiyo inapotishiwa. Sheria hiyo hiyo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Na kabla yake, wakati hata hiyo sheria haipo, wananchi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa jalala lililokuwa likiwafukiza moshi, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Jiji likaomba muda, likaomba tena muda, na hatimaye likahamishia takataka Kunduchi Mtongani. Wa Mtongani nao, Festo Balegele na wenzake 794, wakaenda mahakamani mwaka 1991 na wao wakashinda. Mama yangu anaikumbuka ile kesi ya Tabata, anasema mzee mmoja wa mtaani alikuwa akitembea na nakala ya hukumu mfukoni mpaka ikachanika.

Kwa hiyo ushupavu tulikuwa nao. Tofauti ninayoiona ni ripoti. Raia wa Houston walishinda kwa karatasi za jiji lenyewe, tarehe kwa tarehe, lita kwa lita. Mwananchi wa Jangwani akitaka kuthibitisha ni chemba ipi ilifurika lini, anapata wapi? DAWASA itasema mtaro ni wa halmashauri, halmashauri itasema uchafuzi ni wa NEMC, NEMC itakuja na waandishi wa habari, itapiga faini kiwanda kimoja na kuondoka. Kama kuna jambo moja la kisiasa ambalo ningependa wabunge wetu wadaiwe, ni hilo: mamlaka za maji zilazimishwe kutangaza kila chemba inayofurika na kila mdomo wa mtaro unaotoa maji wakati wa kiangazi. Haihitaji mkopo.

Mkopo upo tayari. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: kupanua mto, kuhamisha watu, daraja la Jangwani. Naunga mkono, mimi niliyekuwa Dar Desemba 2011 wakati watu wanakaa juu ya mapaa na wengine zaidi ya arobaini wakapoteza maisha, halafu waliobaki wakapelekwa Mabwepande. Lakini mto mpana unaopokea vyoo ni choo kipana. Hofu yangu ni kwamba tutajenga kingo nzuri za kupigia picha na nyuma yake, kutoka Kariakoo, Ilala, Buguruni, yale mabomba ya inchi nne yataendelea kuchungulia kwenye mitaro kama kawaida.

Tena tusikimbilie kuwalaumu maskini. Sehemu kubwa ya Dar haina bomba la majitaka. Mtu wa Kigogo bondeni ana shimo, na maji ya ardhini yako karibu, shimo linajaa upesi, na gari la kunyonya haliingii kwenye vichochoro vyao. Anayetapisha pale anafanya ubaya, ndiyo, ila mwambie afanye nini? Faini haitamchimbia bomba. Huyo anahitaji huduma ndogo ya kunyonya kwa mashine za kusukuma kwa mkono na kituo cha kumwagia kilicho karibu. Ninayemkasirikia ni mwenye ghorofa nane lenye maduka chini, mwenye mhandisi na mwanasheria, ambaye bomba la majitaka linapita mbele ya mlango wake na bado ameunganisha vyoo kwenye mtaro wa mvua ili akwepe ada. Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza Dar, hakikuanzia kwa watoto wa mwenye ghorofa. Nilikuwa nimeshaondoka, ila niliosoma nao walikuwa kambini wanatundika dripu, na simu zao za usiku nazikumbuka.

Njia ya kumpata mwenye ghorofa ni ile ile iliyonipata mimi, na ni rahisi mno. Subiri Agosti, mvua hakuna. Tembea kando ya mtaro wa mvua kutoka mtoni kupanda juu. Mtaro mkavu, pita. Mtaro wenye maji, simama: hayo maji ni ya mtu. Panda chemba kwa chemba. Ukifika kwenye mlango unaoshuku, rangi isiyo na madhara chooni, vuta, angalia inatokea wapi. Uingereza wanafanya hivyo, maana huko nako mashine za kufulia na vyoo vya nyumba zilizoongezwa vyumba vimeunganishwa kwenye mabomba ya mvua. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, afisa afya na fundi mmoja wa DAWASA wanaweza kumaliza Mtaa wa Kongo kwa siku mbili. Kinachokosekana ni kibali cha kugonga mlango wa mkubwa. Nairobi walionja jambo hili alipokuwa waziri John Michuki, kuanzia 2008, aliposimamia usafishaji wa mto Nairobi bila kumwogopa mtu. Bustani karibu na mto ina jina lake sasa. Alipofariki 2012 kasi ikapoa, na mwaka 2022 ikabidi iundwe tume mpya ya mito ya Nairobi kuanza tena. Kazi inayotegemea ukali wa mzee mmoja inazikwa naye.

La mwisho, na hili nalisema kwa wenzangu wenye viwanja. Baada ya aibu ile nilimpigia kaka yangu aende kwenye nyumba ninayojenga Kinyerezi, nyumba ya pesa za zamu za usiku, akaangalie maji ya bafu na ya kufulia yanatokea wapi. Fundi alikuwa ameshanitumia picha nyingi, za vigae, za geti, za dari ya jipsam. Picha ya bomba la nyuma sikuwahi kuiomba, na yeye hakuwahi kuituma. Kaka akaenda, akanirekodia. Kulikuwa na shimo la choo, limejengwa vizuri. Maji ya bafu na ya kufulia yalikuwa na bomba lao, limetobolewa ukutani, linamwaga kwenye korongo, na korongo la Kinyerezi linakwenda Msimbazi, na Msimbazi unapita Kigogo nyuma ya nyumba niliyozaliwa.

"Dada, hapa wote wameweka hivyo," kaka akaniambia. Nikamwambia azungushe simu. Kweli, nyumba tatu zilizopakana na yangu, zote nzuri, zote zina bomba linalotazama korongo. Mbili kati yake najua wenyewe, mmoja yuko Minnesota na mwingine yuko Reading. Nimewatumia ile video. Wa Reading amejibu kwamba fundi wake amemhakikishia ni maji ya sabuni tu, hayana shida.

Nimetuma shilingi za kuchimba shimo la kupokea hayo maji ndani ya kiwanja changu. Fundi amechimba futi nane, amekutana na maji, na sasa anauliza tufanye nini.